Kabla hujatoka kwenye tawi kwenda kwenye siasa

Ndugu zangu mliochaguliwa juzi kuongoza matawi ya chama chetu cha wafanyakazi hapa Tabora, wengi mmeniuliza kama ukatibu wa tawi unaweza kumfikisha mtu bungeni. Unaweza. Ila kwanza jifunzeni kazi mliyopewa.

Mwanachama aliyeachishwa kazi atakuja na hasira. Ataanza na matusi ya msimamizi wake, ahamie mshahara wa mwaka juzi, na barua yenyewe ataitoa mwishoni, imekunjwa mara nne mfukoni. Muombe barua kwanza, usome tarehe. Kupeleka shauri la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mwisho ni siku 30, na nimeona watu wenye haki ya wazi wakikwama kwa sababu walikuwa wanasubiri meneja ajibu rufaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake zisikae kabatini.

Sasa siasa. Msomeni Rashidi Kawawa, ambaye naye alisoma hapahapa Tabora. Alianza kwenye chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955 akawa katibu mkuu wake, kisha akaacha kazi serikalini ili alitumikie. Wakati ule mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU, kwa hiyo uamuzi huo ndio uliomfungulia mlango wa siasa. Januari 1962 Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi yake.

Hapo ndipo pa kutulia. Mwaka huohuo, chini ya serikali yake, ikapitishwa sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ikavunjwa na kuundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, na katibu mkuu wake akateuliwa na Rais. Michael Kamaliza akawa katibu mkuu wa NUTA na papo hapo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi akiwa na malalamiko dhidi ya serikali, aliyetakiwa kumsemea alikuwa anakaa kwenye baraza la mawaziri.

Simuiti Kawawa msaliti. Aliamini kwamba nchi changa yenye wafanyakazi wachache wa mshahara na wakulima wengi haiwezi kuyumbishwa na walio wachache, na kwamba chini ya ujamaa mali ni ya mfanyakazi mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini msimamizi wa karakana alibaki msimamizi, na TANU yenyewe ililikiri hilo mwaka 1971 ilipotoa Mwongozo na kukemea viongozi wenye majivuno na ubabe. Wafanyakazi waliushika Mwongozo huo wakawagomea mameneja. Chama chao kingekuwa na sauti yake, wasingehitaji waraka wa chama tawala ili wasikilizwe.

Christopher Kassanga Tumbo wa chama cha reli alishika njia nyingine. Mgomo wa reli wa 1960 ulidumu siku 82, na mji kama wetu, panapokutana njia za Kigoma na Mwanza, unajua maana ya treni kusimama. Alipelekwa London kuwa balozi mwaka 1962, akajiuzulu, akaunda chama cha upinzani, na baadaye akawekwa kizuizini.

Kwa hiyo ukitaka udiwani au ubunge, achia ukatibu kabla ya kuchukua fomu, usivishike vyote viwili. Mkabidhi anayekufuata daftari la malalamiko na mashauri yaliyoko Tume, tarehe zikiwa zimeandikwa pembeni. Kisha itisha kikao cha tawi uwaambie wanachama, na iingie kwenye muhtasari, ni sheria ya aina gani hutaiunga mkono hata chama chako cha siasa kikikuagiza.