Kina cha galaksi hakitoki kwenye macho mawili

Je, ukitazama galaksi kwa darubini ya macho mawili, utaona ipi iko mbele na ipi nyuma? Hapana, haiwezi kukuonesha hilo. Nafasi kati ya macho yako si kitu kwa umbali wa mamilioni ya miaka ya nuru. Hata upana wote wa mzingo wa Dunia hautoshi. Ile hali ya picha "kujitokeza" ni ubongo tu, ingawa raha yake naikubali.

Kina kinapatikana kwenye spektra, yaani nuru ya galaksi iliyotawanywa kwa rangi zake: inaonesha kasi ya galaksi, na kwa kawaida inayotukimbia kwa kasi zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi. Angalia Stephan's Quintet, zile galaksi tano zinazoonekana pamoja kwenye kundinyota la Pegasus: NGC 7320 inatukimbia kwa takriban km 800 kwa sekunde, wenzake karibu km 6,000 au zaidi. Yenyewe iko kama miaka ya nuru milioni 40, wengine karibu milioni 290. Imekaa tu mbele yao, si jamaa yao.

Ukitaka 3D ya kweli kiasi, tengeneza nakala mbili za picha yako. Kwenye nakala ya jicho la kulia, sogeza galaksi za karibu kushoto kidogo, halafu kila jicho litazame nakala yake. Umbali utaupata bure kwenye NED, hifadhidata ya galaksi iliyoko mtandaoni.

Ila kwa kundi la galaksi la Virgo usitumie kasi kama kipimo cha umbali: galaksi yake moja, M86, inakuja upande wetu kwa zaidi ya km 200 kwa sekunde, na iko zaidi ya miaka ya nuru milioni 50. Hapo chukua umbali uliopimwa kwa njia nyingine.