Filamu bubu ya sarakasi inakimbia mno, nirudishe spidi gani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mwalimu, nina klabu ya filamu shuleni, nimepata faili la Varieté, ile ya Kijerumani ya 1925 ya watu wa sarakasi. Shida watu wanatembea mbiombio, na kwenye bembea ndo kabisaa, wanafunzi wanacheka. Faili linasoma fremu 25 kwa sekunde. Nimepunguza mpaka 50% sasa wanaonekana kama wanatembea ndani ya maji. Spidi yake sahihi ni ngapi?

JIBU: Nzuri mwalimu, na hongera kwa kuwaonyesha watoto filamu hii. 50% umezidisha, hapo umeshuka mpaka fremu 12 na nusu. Enzi zile kamera nyingi zilizungushwa kwa mkono, hakukuwa na spidi moja ya lazima, 24 imekuja kuwa kawaida baada ya filamu kuanza kuwa na sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Filamu za katikati ya miaka hiyo mi huwa naanzia kati ya 18 na 22 halafu natafuta. Kama ilipigwa kwa 20 na wewe unaicheza kwa 25, kila kitu kinakwenda robo zaidi, dawa yake ni kuiweka 80%.

Ila kabla hujagusa spidi, pita fremu moja moja kwenye sehemu ambayo mtu anatembea. Ukiona kila fremu ya tano ni marudio ya iliyotangulia, ujue aliyetengeneza faili ameshaigeuza 20 kuwa 25, na ukipunguza tena unaharibu. Pia kama ina muziki unaoendana vizuri na picha, iache kama ilivyo, maana mtunzi alipiga kufuata spidi hiyo. Kwa maelezo yako lakini naona faili lako halina marudio, limetupiwa 25 hivyo hivyo.

Sasa utajuaje kama ni 20 au 18? Hapa ndo naipendea filamu ya sarakasi, inakuja na saa yake ndani. Bembea ni pendulamu! Kwenda na kurudi kwake kunategemea urefu, uzito wa mtu hauhusiki. Chukua urefu kwa mita kuanzia kamba ilipofungwa juu mpaka kitovuni kwa anayening'inia (sio mpaka kwenye mti wa bembea), tafuta kipeuo cha pili, zidisha mara 2, hizo ndo sekunde. Urefu kadiria kwa mwili wa mchezaji mwenyewe, mchukulie mita 1.75 uone anaingia mara ngapi. Tuseme umepata mita 6.25, kipeuo chake 2.5, kwa hiyo kwenda na kurudi ni sekunde 5. Hesabu fremu za mzunguko huo mzima, zikiwa 100 basi ni fremu 20 kwa sekunde. Ukikosea urefu kwa 10% jibu linayumba kwa 5% tu, yaani fremu moja hivi. Akibembea kwa upana sana, nyuzi 60 kila upande, ongeza muda kama 7%. Pima bembea mbili tatu tofauti, maana mkono wa mpiga picha haukuwa mashine.

Ukishapata namba, badilisha fremu reti ya klipu yenyewe kwenye softiwea, usiburute tu taimlaini. Na ile opsheni ya kubuni fremu za katikati zima kabisa, kwenye mikono na kamba inazalisha ukungu mbaya, vidole vinayeyuka. Kama projekta yenu inapokea 60, toa faili la 60, kama spidi ni 20 kila fremu inarudiwa mara 3 sawasawa na mwendo unakuwa laini.

Najua inaonekana kazi nyingi kwa kitu kidogo, ila fikiria mwigizaji mkuu Emil Jannings pale juu, yeye ndo anayedaka, na anayeruka kuja mikononi mwake ni yule aliyemchukulia mwanamke wake. Anabembea, anawaza amwachie aanguke. Muda wa kuwaza ni ule ule wa bembea kwenda na kurudi, ukiukata moja ya tano hakuna anayeshika pumzi. Na mpiga picha wake, Karl Freund, kamera yake ilibembea pia, ukumbi mzima unapanda na kushuka, kwa 25 unapata kizunguzungu tu badala ya hofu.

Ukimaliza jaribu na ile ya gerezani mwanzoni, Jannings kageuza mgongo una namba 28, huoni uso. Mgongo ule uonekane mzito. Ukiona bado anaenda kwa wepesi, shusha fremu moja, angalia tena.