Waulize Waonjaji: Bia ya mwenzako inanuka siagi, utamwambiaje?

SWALI: Tuko sita tunaopika bia nyumbani, na kila mwezi tunakutana kuonjeshana. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri, ameleta laga mara mbili na zote zinanuka siagi. Wengine wanasema ni tamu. Je, ni pua yangu tu? Na kama si pua yangu, nimwambieje bila kumvunjia heshima?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

JIBU: Anza na pua. Harufu hiyo ni ya diasetili, na watu hatulingani kuisikia: yupo anayeinasa ikiwa chembe tu, yupo asiyeisikia hata ikijaa glasi. Wenzako wanaosema tamu hawakudanganyi. Mimina kama mililita 60, funika glasi kwa kiganja, ishike mpaka ubaridi wa friji upungue, izungushe, funua, nusa mara mbili kwa pumzi fupi. Bia ikipata joto kidogo diasetili hujitokeza zaidi. Kisha onja: ulimi ukibaki na utelezi kama umepakwa mafuta, pua yako iko sawa.

Chanzo chake mara nyingi ni haraka. Hamira inapochachusha huacha kitu ndani ya bia ambacho baadaye hugeuka diasetili. Mwishoni hamira hiyohiyo huirudia na kuila, mradi bado iko hai na ina joto la kufanyia kazi. Laga huchachuka kwenye nyuzi 10 hadi 13 hivi. Mpishi akiona povu limetulia akaipeleka friji papo hapo, hamira inalala kazi haijaisha. Dawa ni kupandisha joto mpaka nyuzi 18 au 20 uchachu unapokaribia kwisha, kuiacha siku mbili tatu, ndipo ipozwe.

Tena kuna kipimo kisicho na gharama. Chota bia kwenye vichupa viwili vyenye vifuniko. Kimoja kiweke ndani ya maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20, kipoze kilingane na mwenzake, kisha nusa vyote viwili. Kilichopashwa moto kikinuka siagi, bia haijawa tayari hata kama kile kingine ni safi, kwa sababu kile kitakachogeuka bado kimo ndani.

Lakini siagi ikija pamoja na ugwadu, na ikazidi wiki hadi wiki, hapo ni bakteria. Tatizo ni usafi wa mipira, bomba na chupa; kupandisha joto hakutasaidia.

Sasa maneno yenyewe. Usimwambie "bia yako ina kasoro," na usimsifu ukanyamaza, maana mwezi ujao ataileta ileile. Sema unachokisikia, kisha uliza: "Kaka, harufu ya mkate wa kimea nimeipenda. Nasikia na siagi, mwanzoni na tena baada ya kumeza. Uliipoza siku ya ngapi?" Swali hilo linamwachia nafasi ya kueleza, na jibu lake ndilo litakaloonyesha kama tatizo ni joto au uchafu. Ushauri uwe mmoja. Ukimpa mitano atabadilisha yote kwa mpigo na hamtajua kipi kilichosaidia. Na kama ni mtu mzima wa kuheshimiwa, mwambie pembeni. Mbele ya meza nzima hata ukweli mpole huonekana kebehi.

SWALI: Tukifika bia ya nane zote zinakuwa na ladha moja. Tunakosea wapi?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Hapo hapo kwenye nane, sisi tungeishia sita. Anzeni na nyepesi mwende kwenye nzito, isiyo chungu kabla ya chungu, na zile za ugwadu au za moshi ziwe za mwisho kabisa. Katikati mnywe maji na mle mkate mkavu. Nyama choma isubiri, na manukato yabaki nyumbani. Glasi zisuuzwe mpaka sabuni iishe, la sivyo povu litakufa mkamsingizia mpishi.

Kosa tunaloliona sana ni la kumimina. Bia iliyopatia gesi chupani ina masimbi ya hamira chini. Ukimimina glasi ya kwanza, ukainua chupa, ukamimina ya pili, masimbi yanapanda kila unapoinua, na wa mwisho anakunywa tope. Simamisheni chupa wima tangu jana yake, kisha imiminwe yote kwa mkono mmoja usiotikisika kwenye jagi, mkiacha bia ya upana wa kidole kimoja chini ya chupa. Jagi ndilo ligawe.

SWALI: Waonjaji wa bia yangu wameniandikia "inanuka plasta ya kidonda." Ndiyo nini?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Klorini. Ama ni dawa ya kusafishia ambayo hukuisuuza, ama ni maji ya bomba. Miji mingi ya Marekani hutia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo haitoki kirahisi kwa kuchemsha. Kidonge kimoja cha Campden, kinachoondoa klorini na kloramini majini, hutosha lita 75 za maji, kwa hiyo robo yake inatosha ndoo ya lita 20 kabla ya kupika. Bia iliyokwisha kunuka hivyo haitibiki. Imwage.

SWALI: Je, mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inaweza kupewa alama kwa fomu ya majaji wa BJCP (mpango wa Marekani wa kuthibitisha majaji wa bia)?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Fomu hiyo ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na 10 za jumla. Vichwa hivyo vinafaa kinywaji chochote. Kinachokosea ni jaji anayepima mbege akiwaza laga. Ukungu wa ulezi, ugwadu mpole na uchungu wa gome la msesewe si kasoro, ndiyo mbege yenyewe. Punguzeni alama pale ugwadu unapogeuka siki, ndizi zinapokuwa na harufu ya kuungua, au ulezi unapokwaruza koo. Na andikeni saa iliyoonjwa, kwa sababu mbege inaendelea kuchachuka mezani, na ya asubuhi si ile ya jioni.