Mkuu, hiyo lita moja kila saa itakulaza hospitali

Hiyo lita moja ya maji kila saa ifute kwenye ratiba yako leo hii. Umeandika kwamba kocha wako wa mtandaoni amekuambia "ukisikia kiu umeshachelewa," na kwamba utakunywa hivyo mpaka siku ya mbio Rubavu, Rwanda. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikayafuata, nikalazwa siku tatu. Kilichonilaza ni maji.

Nilikuwa najiandaa na mbio hizohizo za Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Naishi Dar. Nikitoka Mbezi asubuhi kwenda Bagamoyo na kurudi, jezi inakamulika. Kwa joto lile lita moja na robo kwa saa ilinifaa. Julai nikapanda Arusha wiki mbili nizoee mwinuko. Sasa Julai ya Arusha mnaijua: wingu na baridi, watu wana makoti mpaka saa nne. Jasho likapungua, lakini ratiba ya kocha wangu haikuguswa. Lita moja na robo kila saa, na saa ya mkononi inalia kila robo saa: kunywa.

Jumamosi tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi, Arusha mpaka Moshi na kurudi. Boma Ng'ombe nikajaza chupa, Moshi nikajaza tena. Kiu sina hata chembe, tumbo linachezacheza kama dumu, na bado nakunywa. Tunarudi, kufika Kikatiti kichwa kinagonga. Sikuwa nimekojoa tangu Moshi, nikasema basi nimekaukiwa, niongeze maji. Kumbe ukiwa kwenye mazoezi marefu mwili unaweza kuyashikilia maji usiyatoe, na hapo ndipo unapodanganyika. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole. Mkanda wa saa umechimba mfereji kwenye mkono. Nikadhani ni kushika usukani muda mrefu. Usa River nikatapika maji matupu, mwenzangu kwa nia njema akanipa chupa yake, nikaimaliza. Baada ya hapo sikumbuki. Yeye anasema nilikuwa namuuliza kama Bagamoyo bado mbali.

Asubuhi nilikuwa na kilo 74. Hospitali mizani ikasoma 77. Saa sita na nusu juu ya baiskeli, nimerudi mzito kuliko nilivyotoka! Sodiamu, ile chumvi ya kwenye damu, ilikuwa 121, na kawaida ni 135 hadi 145. Daktari alinieleza baadaye kwamba maji yakizidi, chumvi ya damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli na ubongo unavimba ndani ya fuvu. Watu hufa kwa hili. Mke wangu alipanda basi kutoka Dar hajui atanikuta vipi. Rubavu niliitazama kwenye simu, ada imekwenda, tiketi imekwenda.

Nilipomwandikia kocha alijibu mstari mmoja: kila mwili ni tofauti. Sasa kama unajua hivyo, kwa nini ratiba ya maji ni moja kwa wateja wako wote? Jambo hili si siri. Kwenye marathoni ya Boston ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa sodiamu imeshuka. Walioongezeka uzito njiani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mtu anayelipwa kufundisha watu alipaswa kulijua hilo kabla yangu.

Kwa hiyo nunua mizani. Jipime bila nguo, endesha saa moja kwa kasi ya mbio, jifute jasho, jipime tena. Kilo ulizopungua jumlisha na lita ulizokunywa, hilo ndilo jasho lako la saa moja. Ukikojoa katikati, hesabu itaharibika, rudia. Fanya hivyo Dar, halafu ukifika Rubavu rudia, maana namba itabadilika. Njiani kunywa kwa kiu, na usirudi mzito kuliko ulivyoondoka. Natembea na mizani kwenye buti la gari, wenzangu wanacheka, wacheke tu. Vidonge vya chumvi navyo havikukingi kama unajijaza maji. Na mwenzako akivimba vidole, kichwa kikimuuma na akaanza kutapika, usimpe chupa. Mkimbize hospitali, umwambie daktari amekunywa lita ngapi.

Umeuliza kama ukope ununue baiskeli nyingine: ya alumini uliyo nayo inatosha, usikope. Uliuliza pia kuhusu suti ya kuogelea na mambo mengine, wenzangu watakujibu. Mimi Jumamosi nasubiri namba zako mbili hapa, ya kabla na ya baada.