Maswali ya Wasomaji: Pikapu Kuukuu Inayogonga, Kuvuma na Kutetemeka

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, nimenunua pikapu iliyotumika kwa zaidi ya miaka 20, ambayo injini yake iko mbele na magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma. Kila ninapotoka gia ya kurudi nyuma kuingia namba moja, husikika kishindo kimoja chini ya sakafu. Nikifika kati ya kilomita 60 na 75 kwa saa gari huvuma, na mvumo huo hupotea pale ninapoondoa mguu kwenye akselereta. Isitoshe, tangu fundi alipoifungua propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, ili abadilishe beringi ya katikati, bodi zima hutetemeka. Fundi huyo ananiambia kwamba difu, yaani kisanduku cha gia kilicho kati ya magurudumu ya nyuma, imekwisha na kwamba ninunue nyingine nzima. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kitu bado. Umeeleza dalili tatu, na fundi amezitolea hukumu moja, ilhali kila moja ina wakati wake wa kutokea, na wakati huo ndio ushahidi wenyewe. Sauti ikishapita kwenye chesisi na sakafu hubadilika sana, kiasi kwamba mtu aliyeketi nyuma ya usukani huweza kuapa kwamba inatoka kwenye difu kumbe inatoka kwenye giaboksi. Kwa hiyo usiulize sana inaliaje. Uliza inaanza lini, inakoma lini, na inazunguka pamoja na kitu gani.

Anza na mtetemo, kwa sababu ndio uliokuja baada ya mkono wa mtu kupita. Krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu shafti kupinda, inapofanya kazi ikiwa imepinda, shafti inayotoka upande wa pili haizunguki kwa kasi moja, bali katika kila mzunguko mmoja huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande mwingine wa shafti imewekwa ili iufute mwendo huo, lakini huweza kufanya hivyo endapo tu zile panda mbili zinazoshika krosi, ya mbele na ya nyuma katika kipande kimoja cha shafti, zimelala katika mstari mmoja. Fundi akiichomoa shafti kwenye meno yake ya kuteleza bila kutia alama, kisha akairudisha ikiwa imepishana hata kwa jino moja, mtetemo unaousikia ndio malipo yake. Lala chini ya gari uzitazame panda hizo, na utafute alama za kiwandani, ambazo mara nyingi ni mishale au nukta zilizogongwa kwenye chuma. Marekebisho yake hayahitaji kipuri chochote.

Kishindo nacho hutafutwa kwa mkono. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, acha gia ikiwa imeingia, kisha ishike shafti na kuizungusha kidogo kwenda na kurudi huku ukiikazia macho kila krosi. Krosi isiyo na kasoro haina mchezo, yaani ulegevu, unaoonekana kwa jicho, kwa hiyo ukiona upande mmoja umetangulia na mwingine ukafuata, umeshampata mhalifu. Vumbi la rangi ya kutu kuzunguka vikombe vyake humaanisha kwamba sindano za beringi zimekauka na kuanza kusagika. Difu, kwa upande wake, huwa na mchezo mdogo wa kawaida, na katika gari la umri huo mchezo huo peke yake hauthibitishi kitu. Usisahau kukagua boliti za U zinazofunga ekseli kwenye springi pamoja na mauntini (vishikizo) za injini, maana ekseli inayohama nusu sentimita hugonga vilevile, na kukaza nati ni rahisi kuliko kufungua difu.

Sasa mvumo, ambako fundi wako huenda ana nusu ya ukweli. Unapokanyaga akselereta, meno ya pinyoni, ile gia ndogo ya difu inayozungushwa na shafti, hulikandamiza gurudumu kubwa la meno la difu kwa upande mmoja, na unapoachia, hukandamiza kwa upande wa pili. Mvumo unaopotea mara tu mguu unapoondoka unaelekeza kwenye meno hayo, au kwenye beringi za pinyoni zinazoiruhusu isogee. Hata hivyo, hakikisha kwanza. Endesha kilomita 70 kwa saa katika gia ya nne, kisha kasi ileile katika gia ya tano: sauti isipobadilika ingawa injini imepunguza mzunguko, giaboksi haihusiki sana. Katika barabara tupu, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukipinda kushoto, uzito huhamia kulia, na beringi mbovu ya gurudumu la kulia hupaza sauti. Mwisho, pita kwenye lami laini na kisha kwenye lami yenye kokoto, kwa kuwa tairi zilizolika vibaya hubadili sauti kufuatana na barabara, jambo ambalo difu haiwezi kulifanya.

Sauti zenye mapigo, kama vile kulialia kwa krosi kavu, zihesabu. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 70 husafiri karibu mita 2.2 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kwa kilomita 8 kwa saa gurudumu huzunguka takriban mara moja kwa sekunde. Difu yenye uwiano wa 4.1 huifanya shafti izunguke mara nne katika muda huohuo. Pigo moja kwa sekunde linatoka kwenye gurudumu. Manne yanatoka kwenye shafti. Sikio la mtu yeyote huweza kutofautisha hayo mawili.

Iwapo vipimo vyote vitaendelea kuelekeza kwenye difu, kagua oili yake kabla ya kuagiza nyingine. Difu inayovuma kidogo bila kuongezeka huweza kufanya kazi miaka mingi. Kinachoiua upesi ni ukosefu wa oili. Wala usimruhusu mtu aikaze nati ya pinyoni kwa kukisia ili kuondoa mchezo, kwani katika difu nyingi chini ya nati hiyo kuna bushi inayobonyea, na ukikaza kupita kipimo, beringi ambazo zilikuwa na uhai huungua.

SWALI: Gari langu likiwa limesimama, gia ikiwa huru, giaboksi hunguruma. Nikikanyaga klachi, kimya. Ni klachi?

JIBU: Yaelekea sivyo. Ukiwa umeachia pedali, shafti ya kuingilia ya giaboksi huzunguka pamoja na injini, na ukikanyaga husimama. Sauti inayokufa kwa kukanyaga ni ya beringi za ndani ya giaboksi. Ingekuwa beringi ya kusukuma klachi, ingeanza pale unapokanyaga. Chunguza pia kama kelele hupungua ukiwa katika gia ya nne, kwa sababu katika giaboksi nyingi za gia tano za magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia hiyo hupitisha nguvu moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila kubeba mzigo.

SWALI: Nilipomwaga oili ya difu ya pikapu niliyoinunua karibuni, ilitoka nzito mno, na sumaku ya boliti ilikuwa na uji wa kijivu. Je, nimeuziwa gari bovu?

JIBU: Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kati ya vidole, au vigae vinavyometa, ndivyo vya kutia hofu, na oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia, mara nyingi kupitia tundu la kupumulia. Kuhusu uzito, hapo nina shaka na muuzaji: kuna mchezo wa zamani wa kutia oili nzito kupita kiasi, hata unga wa mbao, ili difu inyamaze hadi pesa zibadilishe mikono. Safisha ndani kwa uangalifu, jaza oili inayotakiwa na mtengenezaji, kwa kawaida ya daraja la GL-5 (GL ni alama ya viwango vya oili za gia) kwa difu za aina hii, kisha uendeshe kilomita chache na usikilize upya. Oili hiyohiyo usiitie kwenye giaboksi bila kusoma kitabu cha gari, kwa maana giaboksi nyingi za zamani zinataka GL-4.