Usitume pesa kwanza, waulize haya

Waalaykum salaam mdogo wangu, nimekufahamu vizuri, unataka kwenda Malawi kujitolea kujenga nyumba za familia maskini, sasa hao waandaaji wa safari wamekuletea barua wanakudai ulipe na we unahofu utapeli. Kulipa peke yake si dalili ya wizi, hata Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu nyumba liloanzishwa Marekani 1976, wanaojitolea kwenye safari zake hujigharamia wenyewe, kwa hiyo wewe jua tu pesa yako inakwenda wapi. Waulize, familia zinachaguliwa vipi na zenyewe zinachangia nini? Mafundi wa palepale wanalipwa au nyie ndo mnakwenda kuwanyang'anya kazi? Hilo la mafundi linaniuma sana wallahi, maana fundi wa kijijini naye ana watoto, na ukuta mtakaoupinda nyie ataubomoa yeye aujenge upya. Wakizungukazunguka achana nao.

Pesa usitume kwa namba ya mtu binafsi, na paspoti usimpe mtu akushikie. Viza ya kitalii nchi nyingi hairuhusu kazi hata ya bure, kaulize ubalozini kabla hujakata tiketi. Bima ya afya lazima, kwenye jukwaa la ujenzi watu huanguka. Wakikuharakisha sana, wapelekee Uhamiaji au polisi hiyo barua waitazame.