Si lazima kompyuta

Dada uliyeuliza jinsi ya kumwandaa mwanao kwa jaribio la fikra za kikompyuta la darasa la tano, yaani kutatua tatizo kwa hatua na mantiki, usikimbilie kumnunulia kompyuta. Hata Bebras, mashindano ya fikra hizo yaliyoanzia Lithuania mwaka 2004, hayadai mtoto ajue kuandika programu. Wangu nilimfundishia jikoni hapa Uyole: vifuko 8 vya maharage, kimoja nimekizidishia kidogo, na mzani niliotengeneza kwa henga ya nguo na vikopo viwili. Akipate hicho kizito kwa kupima mara mbili tu. Alianza kupima kimoja kimoja, akanuna. Kesho yake akaweka vitatu huku, vitatu kule, viwili kando, akapiga kelele hadi jirani akachungulia! Jibu usimpe, hata akusumbue vipi. Mwulize tu, "Umejuaje?" Na mzoeshe kuruka swali gumu alirudie baadaye, wangu alikwama hapo.